Mwaka wa Kuhitimu

Steshenari ya Gwamaka, Tukuyu, Julai.
Ukungu umeingia hadi kwenye mashine ya fotokopi.
Kijana anapuliza vidole, anafungua ukurasa wa udahili,
ananiuliza bila kugeuka:
"Mtoto anaitwa nani, mama?"

Subilaga, nasema. Subilaga Mwakibete.
Anaandika herufi tano, anasimama.
Jina hilo limebandikwa kituo cha maziwa,
chini ya bei ya lita.

"Udaktari wa Tiba?"

Jaza.

"Mwaka wa kuhitimu kidato cha nne."
Anashuka na orodha
kama mtu anayeteremka Kiwira na ndoo:
kumi na tisa, kumi na moja, sita, moja,
hadi orodha inagota mwaka elfu mbili.
Mimi niko tisini na nane.
Mimi niko chini ya maji.

Wanasema kawia ufike.
Hawasemi nauli ya kukawia analipa nani.

Miaka kumi na tisa napima maziwa ya watu.
Nachovya kipimo, nangoja kitulie,
nasoma mstari pale maziwa yanapokishika.
Thelathini, pokea.
Ishirini na mbili, kuna mto humu ndani.
Siku moja Mzee Mwaisumo aliapa kwa makaburi ya ukoo mzima
kwamba hajatia maji,
na kweli hakutia:
nilichanganya na spiriti, yakafanya vipunje.
Nikamwambia, mzee, yule mwenye baka,
nenda kashike kiwele chake, nyuma, kushoto.
Jioni akapiga simu.
Hakusema samahani wala asante.
Alisema: kina moto.

Watu wanataka kisa.
Dada yangu, mchungaji, hata yule wa benki,
kila mmoja ameniuliza kwa sauti ya msibani:
nani alikufa, Subi, hata ukaamua hivi?
Hakuna.
Mama alikufa mzee, ameshiba, kitandani kwake,
mvua ikipiga migomba kama siku zote.
Sikuapa kaburini.
Ni vile vipunje tu.
Nataka kujua kinachoendelea ndani
kabla moto haujafika kwenye ngozi.

Mwaka juzi niliingia chumba cha mtihani,
mtahiniwa wa kujitegemea, kalamu mbili, sweta ya kanisani.
Darasa zima likasimama:
"Shikamoo, mwalimu!"
Nikaitikia marahaba, nikaenda kukaa nyuma.
Hakuna aliyecheka
mpaka niliponyoosha mkono kuomba karatasi ya ziada.
Kemia nilipata B.
Huwa siisemi. Leo naisema.

"Mzazi au mlezi," anasoma Gwamaka,
"hapa pana nyota nyekundu, hapaachwi wazi."
Wazazi ni marehemu, namwambia.
Anajaribu. Mfumo haupokei marehemu,
unataka namba ya simu inayoita.
Basi muandike Tusekile, yuko chuo cha ualimu, mwaka wa pili.
"Ni nani yako?"
Nimemzaa.
Vidole vinabaki hewani juu ya vibonye.
Mlezi, nasema. Andika mlezi.
Si ndiye aliyenifundisha logi
kwa simu, usiku, vocha yake mwenyewe?

Nje gari la maziwa linapiga honi mara ya pili.
Dereva anajua niko wapi, hajui kwa nini.
Umeme unayumba, unarudi.
Gwamaka amechoka kubembeleza ile orodha,
amepiga namba ya msaada, ameweka sauti kubwa,
na muziki wa kusubiri unacheza
kwenye simu iliyopasuka kioo.
Kisha mtu anapokea, huko Dar, kwenye joto.

"Ndiyo, dada. Tisini na nane."

Anasikiliza. Ananitazama, kwa mara ya kwanza,
usoni.

"Hapana. Hajakosea.
Si mzazi, ni mwombaji.
Yupo hapa, amekaa."